Uvuvi wa trauti Njombe
Uvuvi wa trauti Njombe ni uvuvi wa burudani unaofanyika katika vijito baridi vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako samaki huyo, asiye wa asili ya Afrika Mashariki, alipandikizwa enzi za ukoloni wa Waingereza. Chambo chake ni nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu. Kwa kuwa hakina uzito wa kutosha, kinachorushwa hasa ni mshipi mnene, ambao kiongozi hodari humfundisha mgeni kuulaza majini bila kishindo, kwani trauti hushtuka upesi. Wageni hufikia Makambako, penye stesheni ya reli ya TAZARA, kisha huelekea kusini hadi Njombe.