Lincoln Akitembea kwa Miguu Richmond

Kitabu cha Doris Kearns Goodwin juu ya Abraham Lincoln, Team of Rivals, kilichotoka mwaka 2005, kinaeleza hasa jinsi alivyowaita mahasimu wake, akina William Seward na Salmon Chase, wakae naye katika baraza moja la mawaziri. Lakini mimi ninairudia tena na tena siku moja tu, tarehe 4 Aprili 1865, ramani ya Richmond ikiwa mezani, kidole kikifuata njia aliyopita.

Richmond ndiyo iliyokuwa makao makuu ya majimbo ya Marekani yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, nayo ilikuwa imetekwa siku moja kabla. Mitaa ya biashara ilikuwa imeteketea. Lincoln alipanda Mto James kwa meli, vizuizi vya mtoni vikamkwamisha, akamalizia safari kwa mashua ya makasia. Alishuka na mwanawe Tad, aliyetimiza miaka 12 siku hiyohiyo, akamshika mkono, wakaanza kupanda kilima wakilindwa na mabaharia wachache. Rais wa nchi iliyo vitani, kwa miguu, ndani ya mji wa adui! Watu weusi, waliokuwa watumwa hadi juzi yake, wakamiminika kumzunguka. Alipofika katika nyumba ya Jefferson Davis, kiongozi wa waasi aliyekwisha kukimbia, alikaa kitini akaomba maji ya kunywa.

Waandishi wengi humwita mkombozi. Mimi nasema njia ile alifyekewa. Tangazo lake la kuwaachia huru watumwa, la 1 Januari 1863, halikuwagusa watumwa wa Kentucky wala Maryland, na miezi michache kabla yake, Agosti 1862, aliwaambia wajumbe weusi kwamba ni heri watu wao wahamie nje. Waliomsogeza kutoka hapo ni wanajeshi weusi wapatao 180,000, na baadhi yao walikuwamo katika vikosi vya kwanza kuingia Richmond. Msomaji, kila ushikapo wasifu wa Lincoln, watafute hao.

Tarehe 11 Aprili alisema hadharani kwamba angependa wanajeshi weusi wapewe haki ya kura. John Wilkes Booth alikuwamo kwenye umati akisikiliza. Siku tatu baadaye akampiga risasi.

Katika vitu Lincoln alivyokuwa navyo mfukoni usiku huo mlikuwa na miwani mbili, moja imeungwa kwa uzi, na pochi yenye noti moja ya dola 5. Ilikuwa noti ya waasi. Leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, Washington.