Kabla Ufungue Springi ya Vitz, Sikia Hii Stori

Jumamosi moja tulikuwa nje ya ploti, Vitz ya mathe ikiwa juu ya jeki. Springi ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imevunjika koili ya chini kabisa. Fundi tuliyeletewa na jirani akatoa kamba ya manila na waya kwa begi. Akaniambia, "Kijana, shika hapa. Mimi nabana springi na kamba, halafu nafungua nati ya juu."

Nikakataa. Akacheka, akaniita mtoto wa intaneti. Tukabishana mpaka mathe akaamua: kazi isimame, kwanza kitafutwe kifaa cha kubana springi. Fundi akakasirika akaenda zake. Mimi nikabaki nikiangalia kile chuma kilichojikunja na kujiuliza: nani aliamua kitu hatari hivi kikae chini ya gari ndogo hivi? Nikaanza kusoma. Wasee, jibu limeanza kabla ya magari yenyewe.

Tuanze 1676. Mwingereza anaitwa Robert Hooke aligundua kanuni ya springi, lakini aliogopa mtu aibe wazo lake. Kwa hivyo akachapisha herufi zilizochanganywa, fumbo tu. Yaani jamaa alikuwa analinda content yake miaka 350 iliyopita. Mwaka wa 1678 ndio akafungua fumbo: ukivuta au kubana springi, nguvu inayokurudishia inalingana na kiasi ulichoivuta au kuibana. Ukibana mara mbili, inasukuma mara mbili.

Lakini kuna kitu ndani ya hiyo kanuni chenye wengi wetu tulilala nacho darasani. Nguvu inaongezeka mara mbili, ndio, lakini nishati inayofichwa ndani ya chuma inaongezeka mara nne. Weka hiyo kwa kichwa, tutairudia.

Siku hizo magari ya farasi yalikuwa yananing'inizwa kwa mikanda ya ngozi, na mwenye kuumia ni abiria. Mwaka wa 1804, Obadiah Elliott wa London akapata hataza ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ule mpango unaouona mpaka leo chini ya malori. Ford Model T ilipotoka 1908 ilitumia vyuma vya aina hiyo, vimelazwa upande hadi upande, seti moja mbele na moja nyuma. Barabara za mashambani Marekani zilikuwa matope na mawe, na ile gari ikapita.

By the way, usidhani hizo springi bapa ni za kwao tu. Chuma chake ni kizuri sana, kigumu lakini hakikatiki ovyo. Ndio maana mafundi wetu wa jua kali huzichukua zikichoka, wanazitia motoni, wanazigonga zinakuwa panga na visu. Sime nyingi za Wamaasai zimetoka chini ya lori. Springi huku haifi, inabadilisha kazi.

Sasa tuje kwa gari ndogo. Ufaransa, miaka ya 1930, bosi wa Citroën, Pierre Boulanger, aliwapa wahandisi wake mtihani: gari ya mkulima, ya bei ya chini, inayoweza kuvuka shamba lililolimwa na kikapu cha mayai bila yai kuvunjika. Vita ikachelewesha mambo. Gari ikaonyeshwa Paris 1948, inaitwa 2CV. Ilikuwa na springi za koili zilizolala kando ya gari, zikiunganisha gurudumu la mbele na la nyuma. Penda hilo swali lao: mwenye gari anapita wapi, na anabeba nini? Walianza na barabara mbaya, ndio wakachora gari.

Marekani swali lilikuwa lingine. Mhandisi Earle MacPherson wa General Motors alipewa kazi ya kuunda Chevrolet Cadet, gari ndogo ya chini ya dola 1,000. Ili kupunguza vyuma, uzito na nafasi, akachukua shoki akaifanya nguzo ya kushikilia gurudumu, na springi ikavalishwa kwa hiyo nguzo. Vitu viwili vikawa kimoja. Mwaka wa 1947 kampuni ikatupilia mbali hiyo gari. MacPherson akahamia Ford, na 1950 nguzo yake ikatokea London kwa Ford Consul. Gari aliyoiundia haikuwahi kuuzwa, lakini leo karibu kila gari ndogo unayoiona Thika Road imesimama juu ya wazo lake. Vitz, iliyotoka Japani 1999, ni hiyo hiyo mbele.

Hapa ndipo nina maoni. Ile nguzo ilikuwa akili kubwa kiwandani: bei ilishuka, injini ikapata nafasi, na mimi na wewe tukapata gari. Lakini hatari haikupotea. Ilihama kutoka kwa bei, ikaenda kwa mtu anayeshika spana. Maana sasa huwezi kubadilisha shoki ya mbele bila kugusa springi, na springi imekaa pale ikiwa imebanwa tayari, inashikiliwa na nati moja juu. Rudi kwa Hooke. Hiyo nishati mara nne iko pale, inangoja mtu na kamba ya manila.

Na sisi Wakenya hatujaanza jana kupigana na barabara. Safari Rally ilianza 1953, na ilikuwa mtihani wa springi kama ilivyokuwa wa madereva. Joginder Singh, kijana wa Kericho aliyeanzia gareji ya babake, alishinda 1965 na Volvo ambayo hata haikuwa mpya. Peugeot 404 ilishinda 1963, halafu 1966 mpaka 1968 mfululizo. Baadaye 504 stesheni wageni wakawa ndio matatu za safari ndefu. Unajua kwa nini wazee wanaisifu mpaka leo? Nyuma ilikuwa na springi nne za koili, mbili kila upande. Mtu alifikiria mizigo.

Vitz haikufikiriwa hivyo. Iliundwa kwa lami ya Japani, ikaja kwetu imetumika miaka kadhaa, tukaiwekea watu watano, gunia la viazi na matuta ambayo hayajapakwa rangi. Halafu tukiona imelala nyuma tunaweka spesa. Spesa inainua bodi, sawa, lakini springi iliyochoka inabaki imechoka. Umebadilisha urefu tu.

Kwa hivyo je, hii kazi mtu asifanye nyumbani? Hapana. Naamini unaweza, na nimefanya. Nyuma ya Vitz ni rahisi, kwa sababu springi imetenganishwa na shoki. Unaweka gari kwa stendi imara, si jeki peke yake, unashikilia ekseli na jeki nyingine, unafungua bolti za chini za shoki pande zote mbili, unashusha ekseli polepole. Springi inalegea, unaitoa na mkono.

Mbele ndio kuna heshima. Nguzo inatolewa nzima. Vifaa viwili vya kubana vinakaa pande mbili zinazotazamana, unakaza kidogo huku, kidogo kule. Nati ya juu haiguswi mpaka springi icheze yenyewe kwa kikalio chake. Uso wako hauwi juu ya nguzo hata sekunde moja. Badilisha zote mbili, kushoto na kulia, hata kama imevunjika moja. Ukimaliza, peleka gari ikapimwe alaimenti. Na kama kifaa kimeliwa na kutu au kinateleza, acha. Peleka gareji yenye mashine ya ukutani, ulipe.

Sisi tulikipata kifaa siku ya tatu. Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa nacho chini ya kitanda, alikinunua kitambo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulimaliza kabla ya jioni, na mathe akaendesha mpaka stage na kurudi, akasema tu, "Imeacha kulia."

Yule fundi bado namuona mtaani, na simchukii. Hakuna aliyemfundisha na kifaa mkononi. Alifunzwa na kamba, na kamba imemfanyia kazi mpaka leo. Lakini kanuni ya 1678 haijui uzoefu wa mtu. Kama uko na kifaa cha kubana springi kwa nyumba, toa chini ya kitanda. Ambia mafundi wa mtaa wako kiko wapi.