Jinsi matineja wanavyoweza kujitolea katika makao ya watoto

LIKIZO ya Novemba na Desemba inapobisha hodi, makao ya watoto kote nchini huanza kupokea wageni wa kila aina. Makanisa huja, kampuni huja, vyama vya akina mama huja, nao wanafunzi wa shule za upili hufika kwa mabasi wakiwa wamebeba unga, sukari, sabuni na blanketi. Huimba, hula pamoja na watoto, hupigwa picha kisha huondoka jioni. Kufikia katikati ya Januari nyua hizo huwa zimenyamaza, na huo ndio wakati sare, vitabu na msaada wa masomo huhitajika zaidi.

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na si haki kumkejeli kijana aliyechanga pesa zake za matumizi ili kununua pakiti ya unga. Hata hivyo, tineja mwenye nia ya dhati anafaa kufahamu tangu mwanzo kwamba kinachokosekana katika makao mengi si mgeni wa siku moja bali ni mtu anayerudi. Mtoto aliyefiwa na wazazi, au aliyeokolewa mitaani, aghalabu huwazoea watu upesi mno. Akikumbatiwa Jumamosi moja na mtu asiyeonekana tena, na Jumamosi inayofuata na mwingine, hujifunza kuwa hakuna anayekaa. Afadhali saa mbili kila wiki kwa muhula mzima kuliko sherehe kubwa ya siku moja.

Kabla ya kubisha mlango, hakikisha makao hayo yanatambuliwa kisheria. Afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako anaweza kukufahamisha. Mnamo Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya hisani, hivyo basi makao yaliyochipuka juzi yanastahili kuulizwa maswali. Ukweli mchungu ni kuwa watoto wengi wanaoitwa mayatima wana mzazi au jamaa aliye hai, na wapo watu waliogeuza watoto kuwa chambo cha kuwanasa wahisani. Ndiyo maana mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2022 unanuia kuwarejesha watoto katika familia na malezi ya jamii kwa kipindi cha miaka kumi. Anayejitolea leo anamsaidia mtoto kujiandaa kurudi nyumbani, wala si kuzoea maisha ya makao.

Isitoshe, kijana aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto mbele ya sheria. Beba barua ya idhini kutoka kwa mzazi au mlezi, na mara za kwanza uandamane na mwalimu au mtu mzima mwingine. Ukiambiwa usikae peke yako na mtoto chumbani, usione umeshukiwa; kanuni hiyo inamlinda mtoto na kukulinda wewe pia.

Kazi zenyewe ni nyingi, lakini kufundisha ndiko kunakomfaa tineja kupita zote. Mwanafunzi wa shule ya upili bado anakumbuka sehemu ambapo hesabu za visehemu humtatiza mtu, jambo ambalo watu wazima wengi wamelisahau. Chukua watoto wawili au watatu, si ishirini. Keti nao wanapofanya kazi ya ziada, wasomee hadithi kwa sauti, kisha nao wakusomee. Usishangae ukikutana na mvulana wa miaka 12 anayesoma kama wa darasa la pili. Yamkini miaka minne ya maisha yake ilipotelea mitaani. Usicheke, wala usimruhusu mwenzake kucheka. Anza pale alipo.

Jikoni na kwenye kamba ya nguo pia kuna kazi tele. Kuchambua maharagwe, kumenya viazi, kufua shuka, kushona vifungo vya sare na kupalilia sukumawiki si mambo yanayovutia kwenye picha, ila humpa mama mlezi nafasi ya kumsikiliza mtoto aliyelia usiku kucha. Ikiwa unakusanya misaada shuleni, uliza kwanza kinachohitajika. Mara nyingi jibu ni sodo, chupi mpya, mafuta ya kujipaka na kalamu, wala si marundo ya nguo zilizochakaa.

Vituo vya kuwaokoa wasichana vinahitaji uangalifu zaidi. Mathalani, kituo cha Tasaru Ntomonok mjini Narok, kilichofunguliwa na Agnes Pareyio mwaka wa 2002, kimewahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za mapema. Katika vituo vya aina hii waliohifadhiwa huwa ni rika lako. Usiwaulize yaliyowasibu. Usitaje jina la msichana wala usisambaze sura yake mtandaoni, maana huenda kuna anayemtafuta. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha na kuweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu.

Na je, mtoto akikunong'onezea kuwa anapigwa au anadhulumiwa? Usimwahidi kuitunza siri hiyo. Msikilize bila kumhoji, kisha mwarifu mzazi wako, mwalimu wako na msimamizi wa makao. Iwapo msimamizi ndiye anayelaumiwa, usimwendee. Piga simu nambari 116, ambayo hailipishwi, au muone afisa wa watoto.

Wanaopenda utaratibu maalum wanaweza kujiunga na Tuzo ya Rais kwa Vijana, iliyoanzishwa nchini mwaka wa 1966 kwa walio na umri wa miaka 14 hadi 24. Huduma kwa jamii ni sehemu ya tuzo hiyo, na muda wake huanzia miezi mitatu kwa kiwango cha shaba hadi miezi 12 kwa dhahabu. Katika Shule ya Starehe, iliyoanza mwaka wa 1959 kama kituo cha kuwaokoa wavulana waliorandaranda jijini Nairobi, wanafunzi wenyewe wamelelewa katika desturi ya kujitolea.

Siku ya kuondoka itafika, kwa sababu ya mtihani au kuhama. Waambie watoto mapema, angalau majuma matatu kabla, na uitaje tarehe yenyewe. Mlete mwanafunzi wa kidato au gredi ya chini yako, umtambulishe, na mfundishe pamoja Jumamosi mbili za mwisho.