Kinyonga na Riziki ya Hewa

Kwa karne nyingi walimwengu wa Ulaya walisadiki ya kwamba kinyonga hali wala hanywi, bali riziki yake ni hewa tu; na Pliny, mwanachuoni wa Rumi, ndiye aliyeitia itikadi hiyo nguvu katika kitabu chake, ilhali mtoto yeyote wa pwani yetu, ajapokuwa humwogopa lumbwi, yaani huyo huyo kinyonga, amekwisha kumwona akifyatua ulimi na kunasa nzi. Baadaye Wazungu wenyewe wakaja kumchunguza kwa macho: mnamo mwaka 1669 Claude Perrault wa Paris alichapisha maelezo ya kinyonga aliyepasuliwa, kiungo kwa kiungo.

Lakini kujua kwamba mnyama hula si kujua kumlisha. Kinyonga mchanga aliyefungiwa ndani, hata akishibishwa nyenje kila siku, mifupa yake hulainika na miguu kupinda mithili ya mtoto mwenye matege, kwa sababu nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na ngozi isiyopata jua haitengenezi vitamini D, ambayo ilipewa jina lake katika miaka ya 1920. Ndipo wafugaji wakaanza kuwalisha nyenje majani mabichi kwanza, kisha kuwapaka unga wa kalsiamu, na kuwasha taa maalumu badala ya jua. Unga wa vitamini hutiwa kwa kiasi, maana ukizidi hudhuru.

Lakini walio huru juani hawahitaji hayo: vinyonga wa pembe tatu waliochukuliwa Kenya mwaka 1972 hadi Hawaii, wakaachiwa huru, wangali wakizaana huko pasipo unga wowote.