Mkwaju Baina ya Lugha Mbili: Masharti ya Shahada ya Kwanza Yakitazamwa kutoka Bungoma na Kitale

Katika miongozo wanayopewa watahiniwa wa Kenya ili wachague kozi za vyuo vikuu kuna alama ndogo ambayo wahakiki wa fasihi hawajaitilia maanani, yamkini kwa kuwa haimo katika matini ya fasihi. Ni mkwaju. Anayetaka kusomea udaktari huelezwa kwamba atapimwa kwa Biolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, kisha Kiingereza/Kiswahili. Ndivyo ilivyo katika kozi nyingi, za sayansi na za sanaa. Lugha hizi mbili zimesimamishwa bega kwa bega, na aliyefanya vyema zaidi katika Kiswahili anaweza kuitumia alama yake ya Kiswahili kuingilia. Makala haya yanauliza mkwaju huu ulitoka wapi na nguvu yake inakomea wapi. Dai letu ni kwamba usawa unaoashiriwa na mkwaju ni usawa wa mlangoni tu. Ndani ya nyumba hakuna mkwaju.

Tumeichagua Bungoma na Kitale kuwa mahali pa kusimama tunapoitazama historia hii. Si kwa sababu mwandishi ana jamaa huko (anao), bali kwa sababu miji hii miwili, ambayo haiko mbalimbali, ilikipokea Kiswahili kwa njia tofauti na bado ikaingizwa katika foleni moja. Kitale ilikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia. Huko Kiswahili kilisikika zaidi kikiwa lugha ya amri, kile kilichokuja kuitwa Kisetla, cha bwana shamba na mnyapara. Bungoma ilikuwa nchi ya Lubukusu nyumbani, shule za misheni za Wakweka na za Wakatoliki, na reli iendayo Uganda. Mzazi wa Kitale aliyekisikia Kiswahili kikitumika kumharakisha mkamuaji ng'ombe hakuwa na sababu ya kudhani kwamba lugha hiyo ingemfikisha mwanawe kwenye joho. Mzazi wa Bungoma naye alijua kwamba joho lilikuwa mbali, na kwamba njia ya kulifikia ilikuwa ya Kiingereza.

Umbali huo haukuwa wa kitamathali. Hadi mwaka 1949 Makerere, iliyoanzishwa 1922 kama shule ya ufundi, ilitoa stashahada peke yake. Mwaka huo ndipo ilipofanywa chuo kikuu kishiriki chini ya uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wahitimu wa kwanza wa shahada za London walipatikana 1953. Kwa kijana wa Bungoma, Kampala ilikuwa karibu kuliko Nairobi, na treni ilipita mlangoni pake. Lakini masharti yalikuwa ya London: silabasi ilikubaliwa huko na mitihani ikaidhinishwa huko. Katika miaka ya 1950 aliyeingia na cheti cha Cambridge alitumia kwanza miaka miwili ya matayarisho kabla ya kuianza shahada yenyewe.

Masinde Muliro, ambaye baadaye siasa zake zilishika mizizi katika pande zote mbili, Bungoma na Kitale, hakuipata shahada yake Makerere. Aliipata Chuo Kikuu cha Cape Town, katika nchi ambayo wakati huo huo ilikuwa ikiujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria baada ya sheria. Fikira hii hutushangaza tulio leo, ila kwa kijana aliyetaka shahada mwishoni mwa miaka ya 1940 milango ilikuwa michache mno. Mwaka 1957 Muliro alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza waliochaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Ni uchaguzi ambao elimu ilikuwa mojawapo ya vigezo vya kumpa mtu kura zaidi ya moja. Tunalitaja hili kwa sababu watu hupenda kusema kwamba shahada ni jambo la elimu tu. Katika Kenya ya mwaka huo, masomo ya mtu yaliweza kuhesabiwa hata ndani ya sanduku la kura.

Sharti la Kiingereza lilianza mapema zaidi kuliko chuo. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha insha cha 1986 kuhusu siasa za lugha, anamkumbuka mwenzake wa shule aliyefaulu kwa alama za juu katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake hazikuwa nzuri kama za mwenzake ila alifaulu Kiingereza, aliendelea mbele. Kisa hicho cha 1954 ni cha Limuru, lakini nani aliyesoma magharibi ya Kenya asiyemjua utingo wake? Linalotuhusu hapa ni kwamba katika hesabu ile Kiswahili kilikuwa mojawapo tu ya masomo ya mtihani, bila uzito wa Kiingereza. Hakikuweza kumwokoa mtu aliyeanguka Kiingereza.

Tunafika sasa mahali ambapo historia hii ingeweza kugeuka. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimeundwa 1963, Nairobi ikiwa mojawapo ya vyuo vyake vitatu. Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kupendekeza kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza. Waraka huo umesomwa na kila mwanafunzi wa uzamili katika idara zetu, na aghalabu husomwa kwa upande mmoja tu: kwamba fasihi ya Afrika iwe kitovu, ya Ulaya iwe pembezoni. Sehemu ya lugha hupitiwa haraka. Hali waandishi walisema wazi kwamba katika idara hiyo mpya kujua Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kuwe lazima. Tusisitize hapo. Halikuwa pendekezo la kuanzisha kozi ya hiari kwa wapendao. Lilikuwa sharti la shahada.

Nini kilitendeka? Idara ya Fasihi iliundwa, fasihi simulizi ikapata heshima yake, orodha za vitabu zikabadilika. Katika hili waraka ulishinda, na ushindi huo ulienea hadi shule za upili. Lakini idara hiyo iliendelea kufundisha na kutahini kwa Kiingereza, na Kiswahili kikapelekwa chini ya paa jingine, pamoja na isimu. Tokea hapo mhitimu wa fasihi aliweza kuichambua ngano ya Kibukusu kutoka mlima Elgon kwa ufundi mkubwa bila kuhitaji sentensi moja ya Kiswahili. Katika chuo cha jirani, Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ilianzishwa 1970 na shahada ikasomwa kwa lugha yenyewe. Hata huko, hata hivyo, shahada nyingine zilibaki mikononi mwa Kiingereza. Sioni kwamba wale watatu wa 1968 walishindwa kwa hoja. Nadhani walishindwa kwa ratiba: ni rahisi kubadilisha kitabu kinachosomwa kuliko kubadilisha lugha ambayo mhadhiri mwenyewe atasimama kuisema.

Mkwaju ulianza kuchorwa shuleni. Tume ya Gachathi ya 1976 ilitaka Kiswahili kiwe somo la lazima. Ripoti ya Mackay ya 1981, iliyozaa chuo kikuu cha pili pamoja na mfumo wa 8-4-4, ikaandaa mazingira ya utekelezaji. Mwaka 1985 mfumo ulipoanza, Kiswahili kikawa somo la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa 1989, na mwaka 1990 vyuo vikuu vikapokea makundi mawili kwa mpigo: wa mwisho wa Kidato cha Sita na wa kwanza wa 8-4-4. Aliyetoka Kidato cha Sita alisoma shahada ya sanaa au sayansi kwa miaka mitatu, mwenzake kwa minne. Mengi yamesemwa juu ya msongamano wa mabweni ya wakati huo, na hatutayarudia. Lililosahaulika ni kwamba hili la pili ndilo kundi la kwanza la wanachuo wa Kenya ambalo kila mmoja wao, awe wa uhandisi au wa falsafa, alikuwa amekalia mtihani wa Kiswahili hadi mwisho wa Kidato cha Nne.

Je, chuo kilifanya nini na ujuzi huo? Mwaka wa nne uliongezwa, na pamoja nao zikaja kozi za jumla, zile ambazo kila mwanafunzi hana budi kuzipita ndipo ahitimu. Miongoni mwazo ni stadi za mawasiliano. Mwanafunzi hufundishwa kuandika ripoti, kuandaa hotuba, kunukuu vyanzo, na hufundishwa hayo kwa Kiingereza. Anayesomea hisabati akakosa kozi hiyo hapewi shahada hata akiwa na alama za juu katika hisabati zote. Kwa Kiswahili hakuna sharti la namna hiyo, isipokuwa kwa wale walioamua kukisomea. Hivyo mtu aliyeingia chuoni kwa nguvu ya upande wa kulia wa mkwaju hutoka kwa nguvu ya upande wa kushoto peke yake.

Hapa yafaa tumtazame mwana wa Bungoma aliyekulia karibu na Kitale, Ken Walibora. Riwaya yake Siku Njema ilitoka 1996. Shujaa wake, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga, na safari ya kumtafuta baba inamfikisha Kitale. Wahakiki wameisoma safari hiyo kama utafutaji wa nasaba, nami sibishi. Bali kwa msomaji wa Trans Nzoia kuna jambo zaidi: lugha iliyosikika mashambani kama amri inarudi Kitale ikiwa lugha ya fasihi, kinywani mwa kijana aliyeitwa kwa jina lake. Mwandishi wa makala haya aliisoma riwaya hiyo darasani katika shule ya bweni wilayani Bungoma, ilipokuwa kitabu teule cha KCSE. Tulizijua kurasa zake kwa moyo, na nakumbuka tulivyobishana kuhusu ni kona ipi ya Kitale iliyotajwa, kana kwamba mtahini angeuliza.

Sasa ni hili. Shahada ya kwanza Walibora aliipata Chuo Kikuu cha Nairobi miaka kadhaa baada ya riwaya hiyo kutoka; kisha akaenda Ohio State kwa shahada za juu, akafundisha Wisconsin-Madison na baadaye Riara, hadi alipofariki Aprili 2020. Kwa muda, basi, walimu wenye shahada walikuwa wakiwafafanulia watahiniwa kazi ya mtu ambaye kwa kipimo cha vyuo hakuwa amestahili kuifundisha. Sisemi hivyo kwa kudharau shahada, kwani ninaila mkate wake. Ila ni dhahiri kwamba masharti yetu hayakuwa na namna ya kuupima ujuzi wa aina ile. Walibora mwenyewe alilirudia suala hili kwa njia ya kisanaa katika Kidagaa Kimemwozea (2012): Amani, kijana aliyekatiziwa masomo ya chuo kikuu, ndiye mwenye mswada, Majisifu, anayeheshimiwa kama msomi na mwandishi, ndiye aliyeuiba. Mhakiki aweza kuisoma riwaya hiyo kama tamthilia ya siasa za Sokomoko, na wengi wamefanya hivyo. Ukiisoma ukiwa umekaa katika kamati ya mitaala, inauma kwa namna nyingine.

Umbali wa zamani umekwisha. Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015, baada ya kulelewa na chuo cha Kakamega kinachobeba jina la Masinde Muliro mwenyewe. Mtoto wa Kitale halazimiki tena kupanda treni kuelekea Kampala. Mkwaju nao umepata nguvu mpya: tokea KCSE ya 2023, alama ya wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi, na lugha hiyo moja yaweza kuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba ya 2010 ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi sawia na Kiingereza. Kwa hiyo serikali, baraza la mitihani na udahili vyote vinakiri usawa. Usiokiri ni waraka wa masharti ya kuhitimu.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba kozi ya lazima huua mapenzi ya lugha. Kwamba mwanafunzi wa kemia atakiona Kiswahili kama adhabu, kama vile baadhi yetu tulivyoziona kozi fulani za jumla. Ni kweli kwamba twaweza kuiua lugha kwa kuifundisha vibaya. Lakini hoja hii haijawahi kutumiwa kukiondoa Kiingereza katika orodha ya lazima. Tena tunachodai si kozi ya ngeli na vitenzi, ambayo mwanafunzi ameimaliza Kidato cha Nne. Tunadai kwamba mhitimu wa kilimo anayekwenda kufanya kazi na wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia aweze kuandika kurasa tano za taarifa ya udongo kwa lugha watakayoisoma.

Wakati wa kuamua si mrefu. Mfumo mpya wa elimu, unaotaja miaka mitatu katika ngazi yake ya mwisho, umefikisha kundi lake la kwanza shule za upili za juu mwaka 2026, na kundi hilo linatazamiwa vyuoni 2029. Senati kote nchini zinaandika upya masharti ya shahada. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, idara iliwasilisha pendekezo la kozi moja ya lazima ya uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili, kwa wanafunzi wote wa sanaa na sayansi. Pendekezo lilirudi kutoka kwa kamati likiwa na swali moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: itafundishwa kwa lugha gani?