Kujifunga kwa programu za matangazo mubashara

Kujifunga kwa programu ya matangazo mubashara ni hitilafu ambayo programu inayochanganya picha na sauti na kuzirusha kwenye intaneti husimama ghafla matangazo yakiendelea. Huitwa hitilafu ya kujirudia inapotokea tena katika mazingira yaleyale hata baada ya programu kufunguliwa upya. Makala haya yanaeleza vyanzo vyake, uchunguzi wake na kinga, kwa kuangalia hali ya kazi katika Gatuanyaga na maeneo ya jirani ya Thika na Ruiru, nchini Kenya.

Muktadha

Gatuanyaga ni wadi ya eneo bunge la Thika Mjini, Kaunti ya Kiambu, upande wa mashariki wa mji wa Thika. Kama kwingineko Kenya, urushaji wa ibada na mazishi ulienea baada ya Machi 2020, maambukizi ya korona yalipofanya serikali izuie mikusanyiko. Kwa muda, waliohudhuria mazishi hawakuruhusiwa kuzidi 15. Vizuizi viliondolewa lakini desturi ikabaki. Leo ibada, mazishi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) na harusi hurushwa kupitia YouTube na Facebook ili jamaa walioko Marekani, Uingereza au nchi za Ghuba washiriki.

Uzito wa hitilafu hii unatokana na aina ya matukio yenyewe. Kipindi cha redio kinaweza kurudiwa, mazishi hayarudiwi. Mtoto aliye ng'ambo akikosa dakika ambazo mzazi wake anateremshwa kaburini, hakuna namna ya kumfidia.

Programu inayotumika sana ni OBS Studio, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi; mradi wake ulianzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012. Nyingine ni vMix, inayotengenezwa Australia na kampuni ya StudioCoast kwa ajili ya Windows pekee, na Wirecast ya kampuni ya Telestream.

Aina za hitilafu

Mtazamaji huona jambo moja tu: picha imepotea. Mrushaji hana budi kutenganisha mambo manne, kwa kuwa kila moja lina tiba yake.

- *Programu kujifunga.* Dirisha linatoweka, lakini kompyuta inaendelea kufanya kazi. Vyanzo vya kawaida ni programu-jalizi, draiva ya kadi ya picha au upungufu wa RAM.
- *Programu kuganda.* Dirisha lipo ila haliitikii. Mara nyingi programu inasubiri kifaa kilichoacha kujibu, au diski iliyojaa.
- *Kompyuta kuzima au kujiwasha upya.* Hapa hushukiwa joto, umeme au RAM mbovu, na programu ya matangazo huenda haina kosa.
- *Mtandao kukatika.* Programu ni nzima na inaonyesha kwamba inajaribu kuunganishwa tena. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kufuta programu na kuiweka upya hakusaidii chochote.

Vyanzo vikuu

*Joto.* Kubana video ni kazi nzito inayoendelea bila kupumzika kwa saa nyingi. Laptopu iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza, ndani ya hema, wakati wa jua kali, hukosa hewa. Kwanza hupunguza kasi ili ijikinge, na fremu huanza kuruka. Joto likizidi, hujizima. Vumbi kwenye feni huharakisha hali hiyo. Dalili yake ni kwamba hitilafu hutokea baada ya muda unaokaribiana kila mara, na haitokei asubuhi kukiwa na baridi.

*Umeme.* Nyumbani kwa wenyeji, jenereta moja huendesha vipaza sauti, friji na meza ya matangazo. Amplifaya ikivuta nguvu nyingi, volti hushuka. Laptopu hulindwa na betri yake, lakini ruta, kamera na swichi ya video hujiwasha upya, na programu hupoteza chanzo cha picha ghafla. Stima nayo hukatika; tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi.

*Vifaa vya USB.* Picha ya 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde, isiyobanwa, huhitaji takriban gigabiti 1 kwa sekunde. USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480. Kwa hiyo kadi za bei nafuu za kunasa video hubana picha kabla ya kuituma, na kompyuta hulazimika kuifungua tena. Kadi mbili zikichomekwa kwenye kigawanyio kimoja cha USB hunyang'anyana njia na umeme, na moja ikipotea programu inaweza kuganda.

*Programu-jalizi na draiva.* OBS Studio toleo la 28, la mwaka 2022, lilibadilisha msingi wa sura yake na kuacha Windows 7 na 8. Programu-jalizi nyingi za zamani zilikoma kufanya kazi hadi zilipoandikwa upya. Masasisho yanayoingia usiku wa kuamkia tukio ni chanzo cha kawaida cha matatizo ya namna hii.

*RAM.* Vyanzo vya picha vinavyofungua kurasa za intaneti, kama vile maneno ya nyimbo au jumbe za watazamaji, hula RAM. Iwapo matumizi yanapanda mfululizo bila kushuka, programu itajifunga mapema au baadaye.

Utaratibu wa uchunguzi

Hitilafu inayojirudia ina kanuni inayoifuata, na kazi ya mchunguzi ni kuifichua. Anayebadilisha draiva, waya na mipangilio kwa pamoja anaweza kupata nafuu, lakini hatajua ni nini kilichomponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

1. Andika saa ya hitilafu, muda uliopita tangu matangazo yaanze, na kilichofanyika mara ya mwisho: kubadili kamera, kucheza video, kuchomeka kifaa.
2. Soma faili la matukio. Kwenye Windows, OBS huhifadhi mafaili hayo katika folda ya %APPDATA%\obs-studio, ndani ya folda ndogo za logs na crashes. Ripoti ya kujifunga hutaja faili lililohusika. Jina la programu-jalizi au la draiva likijitokeza katika ripoti kadhaa, mshukiwa amepatikana.
3. Ikiwa hakuna ripoti, fungua historia ya uthabiti ya Windows kwa amri ya perfmon /rel. Huonyesha kama mashine nzima ilizima.
4. Anzisha OBS katika hali salama, iliyoletwa na toleo la 30 mwaka 2023. Hali hiyo huacha nje programu-jalizi za watu wengine. Hitilafu ikitoweka, zirudishe moja baada ya nyingine.
5. Tengeneza mkusanyiko mpya wa mandhari wenye kamera moja tu, kisha ongeza chanzo kimoja kimoja.
6. Ikiwa programu nyingine nazo hujifunga, pima RAM kwa MemTest86.

Kila badiliko lijaribiwe kwa muda unaozidi ule ambao hitilafu ilizoea kuchukua. Jaribio la dakika 10 halithibitishi chochote kwa tatizo linalotokea baada ya saa mbili.

Kinga siku ya tukio

Rekodi nakala kwenye diski sambamba na matangazo, kwa muundo wa MKV. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, hivyo programu ikijifunga katikati kwa kawaida halifunguki; MKV hubakiza yote yaliyokwisha kuandikwa, na baadaye OBS huweza kuligeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora.

Tumia 720p pale ambapo mtandao ni wa simu. Kwa megabiti 4 kwa sekunde, matangazo ya saa tatu hutumia takriban gigabaiti 5.4, bila kuhesabu marudio ya kuunganishwa. Bando lipangwe kwa kipimo hicho. Kasi ya kupakia ipimwe palepale mahali pa tukio, saa ileile, na matangazo yasichukue zaidi ya thuluthi mbili yake.

Meza ya matangazo iwe na UPS yake na, inapowezekana, waya wake kutoka kwenye jenereta. Laptopu ikae kivulini, juu ya meza ngumu, feni ikiwa wazi. Simu yenye laini ya kampuni nyingine iwe tayari kurusha kupitia akaunti ileile, na familia ipewe mapema kiungo cha pili.

Masasisho yote yasimamishwe mashine ikishapita jaribio la urefu kamili. Tangu hapo hadi tukio liishe, kisibadilishwe chochote: waya uleule, tundu lilelile la USB, mipangilio ileile iliyojaribiwa.