Presha na kisukari: Kwa nini anayepika nyumbani naye aitwe kliniki

Mgonjwa wa presha wa Kikwe, wilayani Arumeru, akitoka kliniki huwa amepewa dawa na maelekezo. Dawa atameza mwenyewe. Maelekezo kama "punguza chumvi, punguza mafuta" yanamhusu zaidi mtu ambaye hakuwepo kwenye chumba cha daktari: yule anayepika.

Ndiyo maana ushauri nasaha unaoihusisha familia una nafasi kubwa ya kubadili maisha ya mgonjwa kuliko ule wa mgonjwa peke yake.

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wenye kisukari walikuwa asilimia 9 hivi.

Haya ni magonjwa ya kuishi nayo. Mgonjwa anaonana na mhudumu dakika chache kwa mwezi, siku nyingine zote yuko nyumbani.

Sufuria ni moja

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni pamoja na chumvi iliyopikiwa na ile ya kuongeza mezani.

Sasa chukua makande, chakula cha kawaida kabisa ukanda huu wa Mlima Meru. Wapishi wengi huweka magadi ili mahindi na maharage yaive haraka. Magadi yana sodiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye chumvi na yanayopandisha presha. Mgonjwa anaweza kuacha kabisa kuongeza chumvi mezani huku sodiamu ikimfikia kupitia sufuria.

Isitoshe, magadi huweza kuwa na madini ya floraidi, ambayo tayari yako juu kwenye maji ya maeneo mengi ya Arumeru na ndiyo yanayofanya meno kuwa ya kahawia.

Njia rahisi ni kuloweka mahindi na maharage usiku kucha. Yataiva mapema, na kuni au mkaa utapungua. Lakini hili haliwezekani kama mpishi hajaambiwa.

Heshima nayo inaingia

Mkwe akipunguza chumvi kwenye chakula cha baba mkwe bila maelezo, anaweza kuonekana mchoyo au hana adabu. Mhudumu akisema jambo hilo mbele ya wote wawili, lawama inaisha. Vivyo hivyo kwa mzee anayekaribishwa pombe na ndugu zake kila jioni: wakijua hali yake, ni rahisi kwao kuacha kumlazimisha.

Familia ifundishwe nini?

- Dawa: Presha ikishuka haina maana mtu amepona. Asiache dozi bila kuongea na mhudumu.
- Chakula: Wote wale chakula kile kile chenye afya. Mgonjwa akipikiwa peke yake, wiki haiishi atarudi kwenye sufuria ya wenzake.
- Mazoezi: Angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea haraka na kulima vinahesabika.
- Dalili za hatari: Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari inaweza kuwa imeshuka. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda ya kawaida haraka, kisha apelekwe kituoni. Akipoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.
- Miguu: Mwenye kisukari akaguliwe miguu kila siku. Kidonda kidogo anaweza asikihisi.

Siyo jambo geni

Tangu 2006, Tanzania ilianza kumpa mgonjwa wa kifua kikuu nafasi ya kuchagua: anywe dawa kituoni, au nyumbani akiwa na msimamizi aliyemchagua mwenyewe, mara nyingi ndugu. Kliniki za presha na kisukari zinaweza kutumia mtindo huo huo.

Ridhaa kwanza

Siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa. Mhudumu anapaswa kuongea naye peke yake kwanza, amuulize nani aitwe na nini kisemwe. Anayechaguliwa si lazima awe mume au mke. Anaweza kuwa binti, kaka au jirani. Kama nyumbani kuna ugomvi au vipigo, kumwita mtu asiyefaa kunaweza kumletea mgonjwa matatizo zaidi.

Cha kufanya kliniki ijayo

Kama wewe ni mgonjwa, nenda na anayekupikia. Kama haiwezekani, mwombe mhudumu akuandikie maelekezo kwa Kiswahili, uyasome nyumbani wote wakisikia. Mkubaliane jambo moja la kuanza nalo, kama kuacha magadi, na siku ya kurudi mseme limefikia wapi.